Siku Tatu Bila Mkutano

"Siku tatu, mama," binti yake alimwambia, ameushika mlango wa gari hataki kuufunga. "Siku tatu bila mkutano. Basi."

"Mkutano gani tena?"

"Unaujua. Benki ulikwenda kuchukua kadi, ukaacha foleni nzima imeketi sakafuni inaimba. Kliniki ulikwenda kupima macho, daktari akatokea mlango wa nyuma."

"Alichelewa saa nne yule."

"Mama!"

"Haya, nimesikia."

"Ukiweza, likizo ndefu watoto wanakaa kwako mwezi mzima. Ukishindwa wanakwenda kwa shangazi yao, na usinipigie simu kunililia."

Akafunga mlango. Kwenye kiti cha nyuma wajukuu wawili walikuwa kimya kama wasikilizao hukumu ya mtu mwingine.

Bibi huyu alishona turubai kiwandani miaka ishirini na moja. Wenzake walimwita Sindano, na usidhani ni kwa sababu ya kushona. Ni ulimi. Alipofukuzwa kazi aliondoka na vitu viwili: mkasi wake, na mguu wa kulia usiojua kutulia. Akikaa popote, mezani au kwenye msiba, mguu huo hukanyaga pedali ya cherehani ambayo haipo. Binti yake amekua akiusikia mguu huo, na mpaka leo ukianza yeye hutoka chumbani.

Safari yenyewe haikuwa ya Sindano. Ofisi ya binti ilimzawadia siku tatu kwenye kambi ya kifahari, tarehe hazibadilishwi, na siku hizo hizo wakaguzi wakaja kazini kwake. Baba wa watoto ni dereva wa malori, yuko njiani kama kawaida. Akabaki bibi.

Kambi ya kifahari ni hivi: unalala porini, lakini pori haliruhusiwi kuingia. Mahema kumi na mawili yamepanda mteremko wa nyasi zilizokatwa sawasawa, na hema kubwa la mapokezi liko chini kabisa, karibu na geti. La kwao lilikuwa la kumi na mbili, la juu kuliko yote. Ndani mlikuwa na kitanda cha mito sita, zulia, kabati la vioo, na beseni la kuogea lenye miguu ya shaba kama mnyama anayetaka kuondoka.

Sindano alisimama katikati ya zulia na mkoba wake mkononi. Tajiri akiichoka nyumba yake hulipa apate kulala kwenye hema. Maskini akibomolewa yake hupewa hema bure na kuambiwa ashukuru. Hayo yalimfika kwenye meno. Akayameza.

"Bibi, mbona umenyamaza?" aliuliza mjukuu wa kiume, wa miaka sita, aitwaye Mchwa kwa kuwa hutafuna kila kitu: penseli, kola, kamba za viatu. "Unaumwa?"

"Siumwi, mume wangu. Napumzika."

"Unapumzika umesimama?"

Dada yake wa miaka kumi na moja alikuwa ameshatoa daftari. Huyo ni Karani. Aliandika.

"Unaandika nini, mke mwenzangu?"

"Mama ameniambia niandike kila kitu utakachofanya," Karani alisema bila kuficha. "Nimeandika: saa saba na nusu, bibi amepumzika amesimama."

Sindano akacheka mpaka akashika nguzo. "Hata nyapara wetu alikuwa na karani. Ila wake alikuwa mwongo. Wewe andika kweli tupu."

Nguzo ile ndiyo iliyomharibia likizo. Alipoishika aliisikia inatetema. Mkono ukapanda wenyewe hadi kwenye turubai, ukapapasa mshono, pindo, tundu la kamba. Pamba. Pamba nzito, imeshonwa na mtu aliyejua kazi, labda mwanamke, labda naye ana mguu usiotulia. Akatoka nje. Kamba zilikuwa za katani, na zilikazwa kama za ngoma. Akaigonga moja kwa kidole, ikalia.

Mhudumu wa mahema alikuwa akipita na ndoo. Mwanamume wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwembamba, kichwa kidogo. Wenzake walimwita Kigingi, naye aliitika.

"Kaka, nani kakaza hizi?"

"Mimi, mama. Kila asubuhi saa kumi na mbili. Halafu meneja anapita anazigonga moja moja. Isiyolia, narudia."

"Kwa nini?"

"Wageni wanapiga picha. Hema likiwa na kunyanzi, picha imeharibika."

"Na mvua ikija?"

Kigingi akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Tumeambiwa tufunge milango na tulete miavuli."

"Hamlegezi?"

"Waliolegeza wapo nyumbani kwao wanalegea."

Alisema kwa mzaha, lakini ndoo ilibadilishwa mkono. Sindano akafungua kinywa. Nyuma yake akasikia kalamu ikikwaruza karatasi. Akakifunga.

Jioni hiyo alijaribu kuwa mgeni. Alikalia kiti cha kamba nje ya hema, akapewa juisi yenye kijani juu yake, akauliza kama kile kijani kinaliwa au ni pambo. Aliona wahudumu wakizunguka nyuma ya uzio, njia ya mawe na miba, kwa sababu ile ya zege ni ya wageni. Mhudumu mmoja wa kike alifika na jagi la maji midomo imekauka, akamimina, akaondoka nayo imekauka. Mguu wa Sindano ukakanyaga, ukakanyaga, mpaka ukachimba kishimo kwenye nyasi.

"Bibi, unashona nini?" Mchwa akauliza.

"Nashona mdomo wangu."

Ili apoze mguu, akawafundisha kamba. Angefundisha nini kingine? Hadithi zake zote huishia kwenye mgomo.

"Turubai la pamba na kamba ya katani ni mtu na mkewe," alisema. "Vikilowa, vyote vinajikunja, kila kimoja kinavuta kwake. Ukiwa umekaza tangu mwanzo, kigingi kinang'oka au nguzo inakatika. Basi kabla ya mvua unalegeza. Unaona kijiti hiki chenye matundu mawili? Kisogeze, usiguse kigingi. Anza upande usio na upepo, upande wa upepo uwe wa mwisho. Vidole vinne vipite kati ya kamba na kijiti. Na turubai likishalowa usiliguse kwa ndani, litavuja pale ulipogusa."

"Hata kwa kidole kimoja?" Mchwa akauliza, kidole kikiwa tayari njiani.

Karani aliandika yote, kama alivyoandika habari ya juisi.

Siku ya pili joto liliwafunika kama blanketi lililolowa. Kufika saa tisa mchana hapakuwa na jani linalotikisika, na nyuma ya mteremko wingu lilikuwa limeshakaa, jeusi kwa chini. Sindano akaligeukia, akaligeuzia mgongo, akaligeukia tena.

"Kaeni ndani, msitoke," akawaambia wajukuu. "Nakwenda mapokezi. Nakuja sasa hivi."

Karani akaangalia saa yake ya mkononi.

Meneja alikuwa kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono inaweza kukata mkate. Alikuwa hema la mapokezi akipanga matunda mezani kwa rangi. Wahudumu wanne walikuwa nyuma yake wakikunja taulo ziwe na umbo la ndege.

"Mwanangu," Sindano alianza, na sauti aliyotumia ilikuwa ya kuazima, laini, hata yeye aliishangaa. "Kamba zako ni za katani na turubai ni la pamba. Mvua ile pale. Waambie watu wako walegeze."

"Bibi, karibu embe."

"Sitaki embe. Miaka ishirini na moja nimeshona haya."

"Haya yametoka mbali, bibi. Yana cheti."

"Na cheti hakilowi?"

Meneja akacheka kwa adabu. "Nikilegeza leo, wageni wanaofika kesho watasema mahema yamezeeka. Wewe umekuja likizo. Nenda kapumzike."

Nenda kapumzike. Nyapara alisema: rudini kwenye cherehani. Maneno tofauti, mdomo ule ule. Siku ile nayo ilikuwa mchana, na wanawake walikuwa wakifungasha mzigo uani chini ya turubai, na walikuwa wamemwambia mapema kamba zilegezwe, mara tatu, kwa heshima. Mvua ikaja. Nguzo ikakatika, ikamwangukia mwenzao Mama Pacha mkononi, na kiganja kile hakikufumba tena maishani mwake. Mpaka anakufa alikunywa chai kwa mkono wa kushoto. Saa hiyo hiyo Sindano alizima cherehani yake, wakazima zote. Siku kumi na tisa za mgomo. Walifukuzwa tisa, yeye wa kwanza. Nyapara alipandishwa cheo. Hilo lisemwe hapa, maana hakuna aliyeliandika popote.

Lakini siku ile ilikuwa na jambo lingine ambalo Sindano halihadithii. Asubuhi yake alimwacha binti yake kwenye shule ndogo, akamwambia: ukitoka nisubiri getini, nakuja sasa hivi. Mtoto wa miaka saba. Mama alikumbuka geti lile giza likiwa limeshaingia.

Alitoka mapokezi. Alijiambia anarudi kwa wajukuu, na kweli miguu ilielekea juu. Upepo wa kwanza ukapita, baridi, una harufu ya vumbi lililolowa mahali pengine. Hema la kwanza lilikuwa pale pale njiani. Ungefanya nini? Mbele ya hema amesimama mgeni mnene mwenye taulo kiunoni, anapiga picha wingu.

"Wewe mwenye taulo! Shika kijiti hicho, sogeza chini."

"Mimi?"

"Kuna mwingine mwenye taulo? Vidole vinne. Hivyo. Sasa cha pili."

Mwenye taulo akatii. Watu hutii haraka kuliko wanavyodhani; matajiri wamelijua hilo siku zote, ndiyo maana hukimbilia kuzungumza wao kwanza. Hema la pili walikuwa maarusi. "Mtapendana baadaye, njooni mshike kamba." La tatu walikuwa wanawake watatu wa ofisi moja, nao walikuja wakicheka, wakaja wanne wa hema la tano, na hapo Kigingi akatokea mbio kutoka nyuma ya uzio.

"Mama, utanifukuzisha!"

"Mgeni amekutuma. Mimi ni mgeni. Kimbia waite waliomo mapokezi, waambie wageni wanataka watu wa kamba. Wote, waache hizo ndege."

Kigingi akaitazama njia ya nyuma ya uzio. Kisha akashuka mteremko kwa njia ya zege, ile ya wageni, akarudi na wanne.

Ulikuwa mkutano, nani atakataa? Haukuwa na hotuba wala mwenyekiti, lakini la sita likalegezwa, la saba, la nane. Sindano alikuwa akipiga kelele kwa sauti yake mwenyewe, si ile ya kuazima, na mguu wa kulia ulikuwa umetulia. Aligundua hilo kwenye hema la tisa: mguu umetulia. Na tone la kwanza likampiga shavuni, zito kama sarafu, na akili yake ikafika pale ambapo ilipaswa kuwa imefika zamani.

La kumi na mbili.

Alikuwa ameanzia kwa watu. Daima huanzia kwa watu. Kule juu lake lilikuwa limekazwa kama lilivyokazwa saa kumi na mbili asubuhi, na ndani wamo wawili, aliowaambia wasitoke.

Alimwachia Kigingi la kumi na la kumi na moja, akakimbia. Miaka sitini na nane, goti moja la dawa na moja la kubahatisha. Mvua ilianguka yote kwa pamoja. Aliteleza, akapanda kwa mikono, khanga ikabaki njiani. Hakuomba Mungu, alitukana tu, na hakuna aliyetukanwa isipokuwa yeye.

Hema lilikuwa limesimama, na lilivyokuwa baya! Limelegea, limekunjamana kama shati la mlevi, linapumua na upepo. Upande wa upepo, Karani alikuwa amepiga magoti kwenye matope, nywele zimemwagika usoni, anasogeza kijiti cha mwisho. Daftari lilikuwa limefungwa kwenye mfuko wa nailoni, amelibana kwa meno. Mchwa ameishika kamba kwa mikono miwili, na kwa mara moja katika maisha yake hakuwa akiitafuna.

"Niliwaambia msitoke!" Sindano akapiga kelele.

Karani akatoa daftari mdomoni. "Ulisema pia vidole vinne. Vyangu vyembamba, kwa hiyo nimeacha sita." Akapangusa pua kwa kiwiko. "Na ulisema unakuja sasa hivi. Nimehesabu dakika ishirini na mbili."

Sindano alitaka kujibu. Badala yake chini ya mteremko kitu kililia pah! kama mti unaopasuliwa, na wote watatu wakageuka. Hema la mapokezi, ambalo hakuna aliyeligusa, lilikuwa limevuta kamba zake mpaka likajing'oa lenyewe. Nguzo ya kati ilikatika, turubai likashuka taratibu kama mtu anayekaa, likaifunika meza ya matunda. Baada ya muda kitu cheupe kikatambaa kutoka chini yake. Alikuwa meneja, mzima, pasi imeisha. Mahali waliposimama wale wanne wa taulo palikuwa na nguzo imelala.

Mvua ilikatika kabla ya saa kumi na moja. Na hapo ndipo utakapojua dunia ilivyo: mahema kumi na mawili yamesimama, moja limelala, na meneja akawapanga wahudumu kwenye matope, kalamu mkononi, kuuliza nani ameharibu.

"Nani amelegeza kamba bila amri?"

Kigingi aliangalia viatu vyake.

Juu kwenye hema la kumi na mbili simu ya Karani iliita. "Ni mama," Karani alisema.

Sindano aliitazama simu. Akatazama mstari ule chini. Likizo ndefu ilikuwa kwenye simu ile. Mwezi mzima, vikombe vitatu mezani asubuhi. Angeweza kupokea sasa hivi, aseme mvua ilikuwa kubwa, basi. Karani hakuwa ameandika mengi. Alikuwa anasogeza vijiti.

"Iache iite, tutampigia," alisema. Akawashika mikono, huyu huku, huyu kule. "Safari hii twende wote."

Waliteremka kwa njia ya zege, watatu, wametapakaa matope. Meneja alipowaona alijaribu kutabasamu.

"Ni mimi," Sindano alisema. "Andika. Hema la kumi na mbili."

"Bibi, wewe ni mgeni. Mimi siwezi kukufukuza."

"Ndiyo maana ni mimi."

Mwenye taulo, ambaye sasa alikuwa na suruali, akasema kwa nyuma, "Na la kwanza nimelegeza mwenyewe. Nina siku tano hapa, na juisi yangu bado sijaiona."

Meneja akatia kalamu mfukoni. Usishangilie mapema: watu kama yeye huwa na kalamu ya pili nyumbani. Lakini siku hiyo Kigingi alikwenda kuinua nguzo, hakwenda kufungasha.

Sindano alipiga simu akiwa ameketi kwenye ukingo wa beseni lenye miguu ya shaba. Mguu wake ulikuwa umeanza tena.

"Mama, mbona hampokei?" binti aliuliza. "Kuna nini?"

"Mkutano umekuwepo."

Upande wa pili kulikuwa na feni ya ofisi na mtu anayegonga mihuri.

"Karani atakusomea," Sindano aliendelea. "Mimi nakuambia lile moja. Niliwaacha. Niliwaambia nakuja sasa hivi, nikaanza na mahema ya watu."

"Dakika ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Mimi nilikaa mpaka giza."

"Najua."

"Mlinzi alinipa nusu ya mkate wake. Nikafikiri umekufa."

"Najua, mwanangu."

"Hujawahi kusema unajua. Miaka yote hiyo ni Mama Pacha, nyapara, siku kumi na tisa. Geti hujawahi kulitaja."

"Mkono wa Mama Pacha niliweza kuuzungumzia," Sindano alisema. "Geti sikuweza."

Mihuri iligongwa, mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha binti akasema, "Mpe simu Karani."

Karani alisikiliza akiwa amenyooka, anaandika. "Ndiyo. Limesimama. Mimi. Hapana, hakulia. Ndiyo, anakanyaga." Akakata, akasoma alichoandika ili asikosee: "Likizo ndefu ni wiki mbili, si mwezi. Kesho anakuja kutuchukua mwenyewe, ukaguzi ungoje. Na anasema umsubiri getini. Usiende popote."

Siku ya tatu, saa kumi na mbili asubuhi, Sindano alikuwa getini kwenye kiti cha kamba alichokibeba mwenyewe. Mchwa alilala mapajani mwake akitafuna pindo la khanga. Nyuma yao, juu ya mteremko, kazi ilikuwa imeanza: Kigingi anakaza, na baada yake kidole cha mtu kinagonga kamba moja moja. Ting. Ting. Isiyolia, inarudiwa. Mbingu kule mbali ilikuwa na weusi chini yake.

Shingo ya Sindano ilitaka kugeuka. Mdomo ulitaka. Akakamata mikono ya kiti.

"Karani," alisema, macho barabarani. "Daftari lina kurasa ngapi zimebaki?"

"Kumi na nne."

"Kaangalie wanaacha vidole vingapi. Andika na saa. Halafu rudi hapa, nikuone."

Karani akaondoka kwa njia ya zege. Sindano akabaki. Barabara ilikuwa tupu, ting, ting, na mguu wake ulikanyaga, ukakanyaga, lakini kutoka kwenye kiti kile hakuinuka.